Ukurasa Mweupe wa Daftari la Vipimo

Chumba cha Kushonea,
Mkabala na Duka la Saa.
Jumanne, 9 Juni

Mpendwa mwanangu Uzi,

Salamu kwanza, mengine baadaye. Hujambo lakini? Mgongo unakuacha upumzike, au bado unagombana na mito kitanda kizima? Miguu je, inaendelea kuvimba ikifika jioni? Na huyo mgeni wetu aliye ndani, anacheza vizuri? Weka mkono tumboni umwambie bibi yake anamsalimu, na aache kukupiga mateke ya mbavuni, hatukulelewa hivyo.

Sisi huku tu wazima. Baba yako mkubwa anakohoa kidogo, lakini ulimi wake haujapata homa, kwa hiyo usimwonee huruma. Bado yuko na saa zake ng'ambo ya barabara, na bado akivuka kuja kunywa chai anasahau ile lenzi kwenye paji la uso, watu wanageuka kumtazama. Mimi macho yameanza kunisaliti kwenye tundu la sindano, ila mikono ni ile ile.

Barua yako niliipata Ijumaa. Niliisoma nimesimama, nikaisoma nimekaa, halafu nikaiweka chini ya kitambaa nilichokuwa nakata ili nikate huku najua ipo. Unasema kazi ya daraja imemshika mumeo huko aliko na ruhusa hapati kabla ya Agosti, na mtoto hawezi kuambiwa asubiri daraja likamilike. Unasema hutaki kuzaa kwenye mji ambao mtu wako wa karibu kuliko wote ni mwenye duka la pembeni. Kwa hiyo umeamua kufunga safari ya siku mbili, basi, treni, halafu basi tena, peke yako na hilo tumbo, uje ujifungulie kwangu. Na umeniomba mimi, "msafiri wa ukoo", nikuandikie kila kitu anachopaswa kujua mwanamke aliye peke yake njiani.

Nilicheka hapo kwenye "msafiri wa ukoo". Halafu nikaacha kucheka. Kuna jambo hapo nitalazimika kulisema kabla barua hii haijaisha, lakini mdomo wangu ni mzito na kalamu nayo imenifuata, kwa hiyo niache nianze na ulichoniomba.

Unalikumbuka daftari langu la vipimo? Lile jeusi lenye mgongo mwekundu, ulilolichora paka kwenye jalada ulipokuwa na miaka mitano, kabla baba yako hajahamishwa kikazi mkaondoka. Paka yupo, amefifia masharubu tu. Ndani kila mteja ana kurasa mbili. Upande wa kushoto naandika kifua, kiuno, nyonga, urefu wa mkono. Upande wa kulia naandika jambo moja la safari. Ndiyo desturi ya chumba hiki kwa miaka mingi sasa: mwanamke anayesafiri namshonea mfuko wa siri ndani ya bitana ya sketi au gauni, na akirudi lazima aniletee jambo moja alilojifunza njiani. Asiye na jambo, nguo yake inasubiri kwenye msumari mpaka alikumbuke. Hakuna aliyewahi kukosa.

Kwa hiyo nimelifungua daftari, na nakunakilia yaliyomo kati ya mteja na mteja. Ukiona mwandiko umebadilika, ujue nimeitwa kupima mtu kiuno.

Mama Mizigo ndiye wa kwanza. Huyu ni mfanyabiashara wa marobota ya nguo, mwanamke mpana, kiuno chake nimekipima mara saba na mara zote amekataa namba. Yeye husema safari haichaguliwi kwa bei wala kwa raha ya kiti, inachaguliwa kwa saa ya kufika. Panda chombo kitakachokufikisha jua likiwa bado juu, hata kama utaondoka na usingizi machoni. Mji usioujua, mchana unakukaribisha, usiku unakuhoji. Hayo maneno ni yake, mimi nimenakili tu.

Jambo lake la pili, maana yeye haridhiki na moja, ni kuhusu begi. Weka pakiti ya pedi juu kabisa, kabla ya nguo. Anasema kuna mpekuzi mmoja kwenye kizuizi cha barabarani aliyetaka kumwaga kila kitu chini mbele za watu, akafungua zipu, akaziona, akafunga haraka kama aliyemkuta mama mkwe bafuni. Tangu siku hiyo Mama Mizigo husafiri nazo, na umri wake wa kuzihitaji ulishapita zamani.

Dada wa Lori unamjua kwa sifa zake. Anaendesha lori la mizigo, kifua cha wastani, mabega ya kuogopesha, mkono wa kulia mrefu kidogo kuliko wa kushoto na hataki nimwambie mtu. Yeye anasema ukipotea, usimuulize njia mtu aliyesimama tu. Muulize mwanamke aliye kazini, anayepima unga, anayefagia, anayekata tiketi. Huyo hana nafasi ya kuondoka na wewe, na hana sababu ya kukudanganya. Pia anasema viatu vipya havisafiri, na choo unakwenda kila kinapopatikana, si kila unapobanwa. Hilo la mwisho, kwa hali yako, ungeliandika kwenye kiganja.

Kisha yuko Mkaguzi. Mwembamba, mrefu, vifungo mpaka shingoni. Anazunguka kwenye matawi ya kampuni yao kukagua vitabu na analala nyumba za wageni nusu ya mwaka. Ukurasa wake umejaa mpaka pembeni. Anasema usikubali chumba cha mwisho wa korido. Jaribu ufunguo kwa ndani kabla hujatoa begi begani. Beba kabari ya mbao, uisukume chini ya mlango, hiyo haihitaji fundi wala umeme. Na mlango ukigongwa, hata wakisema wameleta taulo, uliza kwanza ni nani, usikie sauti, ndipo uweke mkono kwenye kitasa. Na popote pale, mtu akikuuliza kama uko peke yako, jibu ni moja: nasubiriwa.

Neno hilo nalipenda. Nimelipigia mstari mara mbili kwa chaki ya bluu.

Sasa nikusimulie kitu ambacho hakimo daftarini. Unajua cherehani yangu iko dirishani. Mchana, jua likishapita paa la duka la saa, linaingia humu na kujilaza juu ya kitambaa, na rangi ya kitambaa inapanda mpaka darini. Kama nashona kijani, chumba chote kinakuwa chini ya maji. Mguu unakanyaga, gurudumu linazunguka, na mimi si wa hapa tena. Naiona stesheni ambayo taa zake huwashwa kabla giza halijaingia. Naona mabenchi ya mbao yaliyolainishwa na migongo ya watu. Mwanamke amekalia sanduku lake anamenya chungwa, na ganda linashuka refu bila kukatika. Hakuna anayenijua, hakuna anayeniuliza nguo yake itakuwa tayari lini. Treni inaingia polepole kama mtu anayeogopa kuamsha nyumba. Nainua mguu kupanda. Halafu mshono unafika mwisho, sindano inasimama, na niko kwenye kiti changu nikiwa na uzi mdomoni.

Na nguo zikirudi kutoka safari, nikizikunjua, njia zinatoka nazo. Sketi za Mama Mizigo zinanuka vumbi na magunia. Magauni ya Mkaguzi yana harufu ya sabuni ndogondogo za nyumba za wageni na kabati zilizofungwa muda mrefu. Mavazi ya Dada wa Lori yana dizeli na mvua. Napeleka pindo puani kabla ya kulifumua, Uzi, nakwambia wewe peke yako. Akinikuta mtu atadhani nimerukwa na akili.

Nitaendelea kesho. Mteja amefika na anakohoa makusudi.

Alhamisi, mchana

Nimerudi, mwanangu. Jana sikuandika na leo nusura nisiandike.

Asubuhi alikuja Muuguzi, yule wa wodi ya wazazi, kutaka sare yake iongezwe upana. Nikiwa nimempigia magoti na futi mkononi, nikamweleza habari zako kwa furaha, nikitegemea aniongezee jambo moja la safari kwa ajili yako. Miezi minane, nikamwambia, na miguu inavimba kidogo jioni, na siku mbili njiani. Akanishika bega nisimame. Alitaka nimtazame.

"Mwambie asipande hilo basi."

Hakusema kwa ukali. Alinieleza taratibu, kama anavyowaeleza kina mama wake: kukaa saa nyingi miguu ikining'inia, damu inayoweza kuganda, uchungu unaoweza kuanza katikati ya stesheni na stesheni mahali ambapo hakuna hata taa. Anasema kila mimba na yake, na daktari wako ndiye wa kukupima, lakini miguu hiyo aione wiki hii, usingoje miadi. Nikamuuliza, basi afanyeje, naye yuko peke yake? Akasema aliye peke yake hasafirishwi, anafuatwa. Akavaa kiatu chake akaenda zake kazini. Sare yake imebaki mezani, na ukurasa wake wa kulia nimemwandikia hilo.

Baada ya hapo sikuwa fundi tena. Nilikata shati la mwalimu wa shule ya jirani nikatoa mikono miwili ya kushoto. Miaka thelathini kwenye kazi hii, mikono miwili ya kushoto. Nikaiweka mezani sambamba, nikaketi, nikashika tama.

Baba yako mkubwa alivuka kuja kunywa chai akanikuta hivyo. Akaiangalia ile mikono, akaniangalia mimi. Akashusha lenzi yake jichoni kama ambaye angenifungua mgongo aone gurudumu lipi limekwama. Nikamweleza yote. Unajua mzee wangu haongei mpaka chai ipoe. Ilipopoa akanyoosha kidole kwenye daftari.

"Umewasafirisha wote humo. Wewe unaondoka lini?"

Nilimwambia anywe chai yake. Lakini swali limebaki hapa chumbani tangu hapo, limekaa kwenye kiti cha wateja na haliondoki. Kwa hiyo acha nilitoe lile jambo, maana nikizunguka tena sitalitoa kamwe.

Uzi, mimi sijawahi kusafiri. Mbali kabisa nilikowahi kufika ni kituo cha mabasi cha hapa hapa mjini, na nilifika mara moja. Habari zote nilizokuwa nakujazia kwenye barua tangu ukiwa shule, za stesheni na vizuizi na mito migumu ya nyumba za wageni, ni za wanawake wengine. Nilikuwa nazisimulia kama nilikuwepo, nawe ukaniita msafiri, nami nikanyamaza kwa sababu ilinipendeza.

Hadithi ya basi unaijua, maana kila mtu kwenye ukoo amekwisha kuichekea. Miaka kumi na tisa iliyopita, mama yako, mdogo wangu, akiwa hoi kitandani huko kwenu, baba yako aliniandikia nije haraka. Nikajishonea mfuko wa siri. Mama Mizigo alikuwa amenitia hofu ya vidole vyepesi vya wezi, kwa hiyo nikatia humo tiketi, kitambulisho na barua ya baba yako, halafu nikaufunga mdomo wa mfuko kwa cherehani. Si kishikizo, si zipu. Mshono, nikaurudia mara mbili, kwa uzi wa kushonea mabegi. Na kwa kuwa nilishaambiwa vitu vyenye ncha havifai kwa msafiri, nikaacha nyumbani mkasi, wembe, hata sindano. Fundi mzima, nimetoka nyumbani sina hata pini.

Karani akaomba tiketi. Nikavuta. Nikavuta tena. Mshono wangu wenyewe, mzuri kuliko yote niliyowahi kushona, ukanikatalia mbele za watu. Mama mmoja nyuma yangu alijaribu kwa meno. Mwingine alijaribu kwa ufunguo. Watu wakacheka, nami nikacheka, dereva akapiga honi, na basi likaondoka na kiti changu kikiwa kitupu. Mama mkubwa kaachwa na basi. Hapo ndipo hadithi huwa inaishia.

Haikuishia hapo. Yule karani alikuwa mtu mwema. Basi lilipokwisha kuondoka alinifuata na mkasi wa ofisini, akaufungua mfuko kwa uangalifu asitoboe karatasi, akaniambia basi la kesho asubuhi lina nafasi na tiketi yangu itakubaliwa bila tatizo. Nikamshukuru. Nikarudi nyumbani. Na kesho yake asubuhi, saa ya basi ilipofika, nilikuwa nimeketi kwenye cherehani nashona mapazia ya watu.

Sikuwa mgonjwa. Hakuna aliyenizuia, mzee wangu alikuwa amekwisha kunifungia mkate na mayai ya kuchemsha. Niliogopa. Niliogopa njia, niliogopa kulala nisikokujua, na zaidi niliogopa kumkuta mdogo wangu katika hali ile. Na basi lilipoondoka bila mimi, mwanangu, moyo wangu ulitulia. Nilifurahi. Kwa miaka kumi na tisa nimelala na neno hilo na leo ndiyo mara ya kwanza nalitoa.

Mama yako aliishi siku kumi na moja baada ya hapo. Zilitosha kwenda na kurudi na kwenda tena. Baba yako alinieleza baadaye, bila lawama, na ndiyo maana iliuma zaidi, kwamba kila mlango ulipogongwa mama yako alikuwa anauliza kama ni dada yake. Na wewe, mtoto wa miaka tisa, walikupeleka kituoni na lile gauni la njano nililokushonea, ukasimama ukahesabu mabasi matatu. Uliniambia mwenyewe ulipokuja na baba yako likizo, ulikuwa unacheka. Mimi nilikuinamia nikajifanya natafuta pini sakafuni.

Desturi ya jambo moja niliianzisha mwezi ule wa msiba. Nilidhani nikikusanya ya kutosha, woga utaisha. Daftari limejaa, woga uko pale pale.

Siwezi kuendelea leo.

Jumamosi, asubuhi

Uzi, nimekata tiketi.

Nilitoka jana saa nne asubuhi, nikamwambia mzee wangu nakwenda kununua vishikizo. Nilivinunua kweli, kisha miguu ikaendelea mpaka kituoni. Kituo kimebadilika, wamepaka rangi, yule karani hayupo, kuna binti mwenye kucha ndefu. Nilisogea dirishani kama mtu anayekwenda kuomba kitu kisicho chake. Akaniuliza kiti gani. Nikasema nyuma ya dereva, karibu na mwanamke mwenzangu kama yupo, na lile linalofika mchana. Akaniangalia akasema inaonekana mama ni mzoefu. Akauliza kama nasafiri peke yangu. Nikamjibu nasubiriwa.

Nilishalisoma neno hilo mara mia daftarini, lakini jana ndipo nilipolisikia. Nimetoka pale nikakaa kwenye benchi, la chuma siku hizi, si la mbao nililokuwa naota, nikalia kidogo, nikafuta uso, nikarudi kumaliza shati la mwalimu. Amepata mkono wa kulia.

Kwa hiyo wewe usifunge mzigo. Mimi ndiye ninayekuja. Naondoka Jumatano asubuhi, na Ijumaa, Mungu akipenda, jua likiwa juu, niko kwako. Barua hii naitanguliza kwa Dada wa Lori, anapita mji wenu na ameapa ataiweka mkononi mwako yeye mwenyewe. Najua simu ingekuwa haraka zaidi. Lakini kwenye simu nisingeweza kukwambia niliyokwambia Alhamisi, na wewe kwenye simu ungenikatalia, ungesema mama mkubwa usijisumbue, nami huenda ningekubali. Ninajijua.

Wenzangu wamepata habari, chumba kimekuwa soko. Mama Mizigo ameniletea pakiti ya pedi, tena kwa sauti kubwa mbele ya mteja mwanamume. Mkaguzi ameniandikia majina ya nyumba mbili za wageni za kulala nikishuka treni, na vyumba vya kuomba kwa namba. Dada wa Lori amekagua viatu vyangu akavikubali kwa uzee wao. Kumbe walijua kwamba sijawahi kutoka. Wote walijua, miaka yote hiyo, na bado waliniletea jambo moja kila waliporudi. Mama Mizigo anasema walidhani naweka akiba.

Baba yako mkubwa naye, jana nilimkuta dukani kwake anachonga kipande cha mbao cha ile saa kubwa ya ukutani iliyokufa. Ni kabari. Ameipiga msasa mpaka inateleza kama sabuni, nikamwambia kabari inayoteleza haina kazi, akaanza kuikwaruza upya bila kununa.

Mfuko nimeushona. Una vishikizo viwili, naufungua kwa kidole kimoja hata nikiwa nimefumba macho, nimejaribu mara ishirini. Hofu ipo, nisikudanganye. Usingizi ukija naota niko stesheni na begi langu limejaa vitambaa vya watu wanaovidai. Lakini hata katika ndoto hiyo treni inaingia, na juzi nilipanda, nikakaa dirishani, nikaona mashamba yanapita yakiwa na rangi ya kitambaa nilichokuwa nashona mchana ule.

Sasa sikiliza, haya ndiyo yako. Nenda kwa daktari na hiyo miguu, leo si kesho. Mwenye duka la pembeni mpe ufunguo wa akiba na namba ya zahanati. Begi la hospitali liwe karibu na mlango, na huko nako weka pedi juu, kwa sababu nyingine kabisa. Kituoni usije. Umenisubiri kituoni mara moja, inatosha. Kaa nyumbani, miguu juu ya mto.

Una haki ya kunikasirikia. Nimeandika nikijua hilo, na sitaki unisamehe kwa haraka kwa sababu tu una tabia nzuri. Nikasirikie utakavyo. Ila unifungulie.

Daftari nakuja nalo. Nina ukurasa wangu humo, wengi hawajui. Kushoto kuna vipimo nilivyojipima mwaka ule, kiuno ambacho leo hakiwezi kuzunguka hata paja langu, na ile tiketi ya zamani nimeibana hapo kwa pini. Kulia ni kweupe. Nilikuwa naruka ukurasa huo kila nilipolifungua. Tutauandika kwako, kalamu utashika wewe, mimi nitakuwa nimembeba mtu.

Nisalimie mumeo atakapopiga simu, umwambie daraja lake alijenge vizuri, mke wake hayuko peke yake. Nisalimie baba yako na mama yako wa kambo huko walikohamia. Mshukuru mwenye duka kwa niaba yangu. Baba yako mkubwa anakusalimu, na anasema mtoto akizaliwa muangalie saa, dakika na sekunde, atataka kujua.

Mungu akuweke salama wewe na uliyembeba, aniongoze na mimi mguu kwa mguu mpaka hapo ulipo. Ijumaa mchana ukisikia mlango unagongwa, usikimbilie kufungua. Fuata ya Mkaguzi, uliza kwanza ni nani. Uliza kwa sauti, mwanangu. Nataka nisikie ukiuliza, na mimi nijibu.

Akupendaye, aliye njiani,
Mama yako mkubwa